Eisi ya Mhitimu

Kitenzi cha Kiingereza cha mazungumzo, "ace", maana yake ni kufaulu jambo, hasa mtihani, pasipo kubakiza dosari, na kwa kuwa ulimi wa Mswahili hupenda neno limalizike kwa irabu, hutamkwa "eisi", sawasawa kabisa na "AC", yaani kiyoyozi. Kufanana huko ndiko kulikomponza mkalimani wa mahafali ya juzi, ambaye ndiye mwandishi wa insha hii, akautangazia umati kwa kipaza sauti kwamba mhitimu alifanyia mitihani yote kwenye eisi, ilhali mjomba kutoka Marekani alikuwa amesema tu kwamba binti kapasua. Kicheko kilichofuata kiliwatoa hata wapishi jikoni, miko mikononi, wakiuliza kumetokea nini.

Asili ya neno lenyewe haina fahari yoyote. "As" ilikuwa sarafu ya Warumi, na Wafaransa wa kale wakaliita hivyo pia tobo moja la dadu, yaani upande wa chini kuliko zote, kiasi kwamba aliyeangukiwa na "as" alistahili pole. Katika karata mambo yalipinduka, kwani ile yenye alama moja, ambayo Waswahili huiita ree, ilipanda hadi ikawa inamla mfalme mwenyewe, jambo ambalo katika historia ya wanyonge si la kawaida. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Wafaransa walimpa jina hilo rubani aliyeangusha ndege 5 za adui au zaidi; kwenye tenisi likawa mpira wa kuanzia ambao mpokeaji haugusi; na wanafunzi wa Marekani wakaupeleka ushindi huo kwenye chumba cha mtihani.

Mkalimani angeyajulia wapi hayo? Shule iliyomvisha kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili haikumfundisha kitenzi hicho hata siku moja, na mjomba aliyetamka "mtoto yangu" mara tatu alipigiwa makofi kwa kujitahidi, wakati aliyekosea neno moja la Kiingereza bado anaitwa "Bwana Eisi" mtaani.

Makosa mengine ya siku hiyo, likiwamo la "killed it", yaani kafanya vizuri mno, kutafsiriwa kama msiba, hayakugunduliwa. Mhitimu mwenyewe alieleza baadaye kwamba ukumbi wa mtihani haukuwa hata na pangaboi.