Jeraha Moja, Barua Mbili

Jumatatu

Twisheni huanza saa 11 jioni. Nilifika saa 11 na robo kwa sababu mteja alirudisha gauni: mkono wa kushoto nilikuwa nimeupachika kulia. Mwalimu wetu ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia mlangoni, "Shikamoo, mama," nikaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akageukia ubao na Kiingereza kikaanza.

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea. Nilimaliza kidato cha nne miaka 17 iliyopita nikiwa na F ya Kiingereza. Safari hii naitaka C, ambayo kwa viwango vya sasa huanzia alama 45.

Leo tumeandika barua ya kirafiki kwa shangazi. Niliandika kama tulivyokuwa tukiandika nyumbani: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nikaitia yote katika Kiingereza, neno kwa neno. Mwalimu aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole kama shangazi anaumwa macho. Salamu zangu zilikuwa sentensi 6. Alizifuta, ikabaki moja: "I hope you are well." Iliniuma. Kwetu barua isiyo na salamu ni sawa na mgeni aliyeingia bila hodi.

Jumanne

Barua rasmi. Anwani ni 2: yangu juu kulia, ya ninayemwandikia chini yake kushoto. Niliandika S.L.P. badala ya P.O. Box, na Yah badala ya RE. Hayo mwalimu aliyasahihisha akapita. Alisimama kwenye sahihi. Swali lilikuwa limetupa jina la kutumia, mimi nikaandika langu kamili. Kwenye mtihani wa taifa karatasi haitakiwi kuonyesha mtahiniwa ni nani; anatambulika kwa namba yake tu. Nikaiandika barua upya tangu anwani ya kwanza, wenzangu wakiwa wameshaondoka.

Jumatano

Umeme ulikatika saa 1 usiku. Binti yangu, yuko kidato cha pili, alinimulikia kwa tochi ya simu nikiandika barua ya kuomba kazi. Nilikwama sentensi ya kwanza, akanitajia: "I wanna apply for this job." Nikaiandika. Simu ikaisha chaji kabla sijafika mwisho.

Alhamisi

"Wanna" imezungushiwa wino mwekundu. Kumbe ni neno la kwenye nyimbo na mazungumzo ya vijana. Chini yake niliandika "I beg a chance", nikimaanisha naomba nafasi, nalo likazungushiwa. Mwalimu alisema naomba yetu ni adabu, lakini "beg" inampeleka msomaji kwa mtu aliyenyoosha mkono barabarani. Na ukisema "give me", umeamuru. Adabu yao wameificha kwenye vineno vidogo, "would" na "could". Nilikaa na hilo muda mrefu. Sisi heshima tunaitanguliza mlangoni, katika shikamoo. Wao wanaifuma ndani ya kitenzi, na asiyejua kuitafuta humo ataandika kama mtu asiye na malezi, ilhali amelelewa vizuri.

Kisha akatueleza jambo ambalo natamani ningelisikia nikiwa na miaka 15. Mwaka 1066 Uingereza ilitekwa na watu wa Normandy, na kwa miaka mingi wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa huku wakulima wakibaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana hadi leo "ask" na "help" ni maneno ya nyumbani, na "request" na "assist", yaliyotokana na Kifaransa, yanafaa ofisini. Nikanyoosha mkono nikasema: kama kufa na kufariki. Kuku amekufa, babu amefariki. Kufa ni neno letu la Kibantu, kufariki limetoka Kiarabu. Mwalimu aliweka chaki chini akasema ndivyo hasa.

Ijumaa

Niliandika WOULD na COULD kwa chaki ya bluu kwenye meza ya kukatia, niyaone nikifanya kazi. Nikatandika juu yake kitambaa cheupe cha shati la shule. Saa 6 mchana mwenye shati alipokuja, COULD ilikuwa mgongoni, imegeuka kinyume. Imetoka kwa maji na sabuni. Nimemlipa nauli ya kurudi kesho.

Jumamosi

Nilikwenda Muheza kumwona baba. Alistaafu ukarani wa bohari kwenye shamba la mkonge. Nilimweleza ninachosoma, akaniagiza sanduku la bati chini ya kitanda. Kufuli lilikuwa na kutu, likachukua nusu saa na mafuta ya taa. Ndani mna nakala ya barua aliyomwandikia meneja, na barua aliyompelekea mama siku hiyohiyo. Kwa meneja: "Kwa heshima na taadhima, naarifu kuwa nimepata jeraha la mguu nikiwa kazini." Chini kabisa: "Wako katika ujenzi wa Taifa." Kwa mama: "Mke wangu, mkonge umenichoma mguu, nitakuja Ijumaa, usiwaambie watoto."

Jeraha ni moja. Nilizishika barua zote mbili, moja kila mkono, na somo lililonishinda miaka 17 likanikaa. Baba aliishia darasa la saba, na hakuna aliyemfundisha kutenganisha lugha ya ofisi na ya nyumbani. Alikuwa na uwezo huo, kama nilionao mimi kila nikipokea wateja. Darasani tulifundishwa jambo hili kana kwamba ni mali ya Waingereza peke yao, tukalikariri kwa hofu. Hilo naliona ni kosa kubwa, na limewagharimu wengi.

Basi la jioni lilijaa. Nilisimama hadi Tanga, barua zikiwa ndani ya kanga.

Jumatatu

Niliandika jeraha la baba kwa Kiingereza mara 2, kwa meneja na kwa mama. Nimepata 12 kati ya 15. Alama 2 zimepotea kwa "don't", ambayo katika barua rasmi hukaa kwa ukamilifu wake, "do not". Moja imepotea kwenye kufunga: ukianza na "Dear Sir" unafunga na "Yours faithfully", lakini ukimtaja mtu kwa jina lake, ni "Yours sincerely". Mimi nilimtaja meneja kwa jina.

Nimemwomba mwalimu kwamba watakaokuja baada yetu waanze somo hili kwa barua 2 za Kiswahili. Amekubali, akaniomba za baba. Nimemtolea kivuli. Zenyewe zitarudi sandukuni, na mtihani ni baada ya siku 19.