Chambo cha Rangi ya Harusi

Ukitaka kujua Wakenya wana maoni mangapi, panda matatu ya Nakuru kwenda Naivasha ukiwa na chambo bandia mfukoni. Changu kilikuwa kisamaki cha plastiki, buluu yenye madoa ya dhahabu, na tumboni kinaning'iniza ndoano mbili za meno matatu matatu. Karibu na Gilgil gari liliruka tuta, nacho kikachomoka na kunasa sweta ya mama aliyeketi kando yangu. Abiria wote wakawa madaktari. Mmoja alitaka sweta ikatwe, mwingine alitaka ndoano ikatwe, na makanga akashauri tushuke wote wawili, tutajuana huko mbele. Mama alitulia tu.

"Kijana wangu, hiki ni cha kuvua nini?"

"Besi, mama."

"Na huyo besi ameshawahi kuona kitu kama hiki ziwani?"

Hapo alinipata. Besi wa Naivasha si mwenyeji. Alitolewa Marekani miaka ya 1920 ikielekea mwisho, ili walowezi wapate samaki wa kupigana naye kwa mshipi. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu, ambao asili yao pia ni Marekani, na besi mkubwa akawafanya mlo wake. Kisamaki kidogo kilichokuwa mwenyeji halisi wa ziwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Nadhani kiliona wageni wamezidi, kikaaga.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi: besi hujificha kwenye matete na huwinda kwa macho, basi muonyeshe kamba. Lakini jaribu kumweleza hivyo muuza duka ambaye kwenye kabati hilohilo ana chaja za simu na sumu ya panya. Kwake chambo kizuri ni kile kinachong'aa, na bei hupanda kadiri kinavyong'aa.

Tulipofika ziwani, mwenye mashua niliyemkodi alifungua kisanduku changu cha chambo, akaguna.

"Mkubwa, hizi ni rangi za harusi. Samaki wa hapa anataka rangi ya matope."

Akachokora hadi chini kabisa, akaibuka na kidude cha mpira, chekundu cha kukaribia kahawia, chenye magando mawili yaliyolegea. Nilikuwa nimeongezewa bure. Akanifundisha: kitupe kando ya matete, kiache kizame, kivute kidogo, kipumzishe, kivute tena. Kamba akiogopa hukimbia kinyumenyume, na besi anaujua mwendo huo.

Mara mshipi ukakaza. Besi aliruka juu ya maji, kinywa wazi kiasi cha kumeza ngumi yangu, akatikisa kichwa mara mbili, akanitemea kidude changu na kwenda zake. Sikukasirika. Angalau tulikuwa tumefahamiana.

Nilitupa tena, safari hii mbali zaidi, kwa mkono wa mtu aliyeanza kujiamini. Kikanasa. Tangu maji yapande na kumeza mashamba, ziwa hili limejaa miti mikavu na nyua za watu, na kidude changu cha pekee chenye akili kilikuwa kimekumbatia nguzo ya ua. Hatua chache nyuma ya nguzo, masikio manne ya viboko yalikuwa yakitikisika.

"Unaweza kunisogeza pale?" nikauliza.

Mwenye mashua aliangalia nguzo, akaangalia masikio, akaniangalia mimi.

"Kwenda ni mia tano," akasema. "Kurudi tutaongea."