Stesheni ya Mabati kwa Jioni Moja

Hongera kwa kununua treni ya mfano. Garimoshi linazunguka meza ya chakula, watoto wanapiga makofi, na nafsi imeshaanza kukunong'oneza kwamba linahitaji stesheni. Tena si stesheni yoyote, bali ya kuta za mabati, kama zilizosimama kando ya Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, huku Nairobi ikichipuka njiani kwa mbao na mabati hayo hayo. Kazi ya jioni moja, unajiambia. Endelea kujiambia hivyo, maana bila uongo huo hakuna aliyewahi kuianza.

Tuanze na kipimo. Uwiano unaopendwa na wengi ni 1 kwa 87. Migongo ya bati la zamani iliachana kwa milimita 76, hivyo yako iachane kwa milimita 0.87. Chukua rula uitafute hiyo 0.87. Ukiipata, nijulishe.

Waliobobea hawapimi, wanabiringisha bolti. Nyuzi za bolti nene ya milimita 5 zimeachana kwa 0.8, tofauti ambayo hata jirani mchokozi haioni. Tandika foili ya jikoni juu ya gazeti lililokunjwa, ibiringishie bolti kwa kiganja, na migongo itajitokeza. Itajitokeza upogo kidogo, kwa kuwa nyuzi za bolti zimejizungusha kama ngazi ya mnara. Usiinamishe stesheni ifuate bati. Kata bati lifuate migongo yake.

Hapo atazuka mjuaji akuambie foili ni nyembamba mno. Mwache aseme. Foili ya jikoni ina unene wa kama milimita 0.016. Ikuze mara 87 na unapata zaidi ya milimita 1.3, bati la kuundia kifaru. Geji 30 ya dukani haifikii hata nusu ya hapo.

Kinachowaumbua wengi ni kuuvika ukuta kipande kimoja kirefu, kama shuka kitandani. Mabati yalikuja kwa vipande vya futi 6, 8 au 10, vyenye upana wa futi mbili na kitu, na kila kipande kilimlalia mwenzake. Kwa hiyo kata vipande vya milimita 21 kwa 8, anza safu ya chini, kisha ya juu iilalie ya chini. Ukigeuza, maji yanaingia ndani. Ni kweli sebuleni hakunyeshi, lakini fundi wa mabati akija kukusalimu ataliona hilo kabla hajavua viatu.

Kutu ndiyo raha ya kazi hii, na ndiko watu wazima wanakogeuka watoto. Asiyejua huchovya brashi kwenye rangi ya kahawia na kupaka ukuta mzima, ukaonekana kama umemwagiwa mchuzi. Kutu ina adabu zake: huanzia kwenye matundu ya misumari, kwenye maungio, na chini kabisa ambako mvua hurusha matope. Pwani chumvi ya bahari huiharakisha, kwa hiyo stesheni ya Mombasa usiipake kama ya Nairobi. Kwanza paka praima, la sivyo rangi ya maji itakimbiana kama umande juu ya jani la mgomba. Kisha brashi iwe karibu kavu, na unga wa chaki ukamilishe.

Wapo wanaochovya foili kwenye dawa ya kulia shaba wanayotumia mafundi wa saketi, ili itoboke kama bati lililoliwa na kutu ya kweli kweli. Inachemka, inatoa moshi, na ukichelewa unabaki na kibanio kitupu. Kama lazima ujaribu, vaa glavu, fungua madirisha, na watoto wasiwepo.

Mimi vipande vyangu 38 vilikuwa vimepangwa mezani, vimekauka, vinang'aa, mama watoto alipoingia akitokwa jasho.

"Baba Asha, unakaaje humu bila feni?" Akaiwasha.

Vingine navikuta hadi leo chini ya kochi.

Sasa kaa chini upige hesabu. Ukuta wa mita 12 kwa uwiano huo ni milimita 138, na kwa safu mbili unakula vipande visivyopungua 36. Huo ni wa mbele tu. Bado wa nyuma, za pembeni mbili, na paa.