Hongera kwa Kuzuia Mahindi

Kwa Mheshimiwa Afisa Mipango Miji, popote ulipo,

Sisi wa Chumbageni, jijini Tanga, tunakushukuru kwa kutulinda dhidi ya mahindi. Sheria ndogo za miji mingi nchini zinakataza mazao marefu kwa kuwa, tunavyoelezwa, yanafuga mbu na kuficha wezi. Mitaro iliyoziba ni mifupi, haivunji sheria, hivyo mbu wake ni halali. Wezi nao wanajua pa kujificha: mapagale.

Ahsante pia kwa kanuni za kilimo cha mjini za 1992, zilizotaka mtu asizidishe ekari 3, wala ng'ombe 4, nao wafungiwe bandani. Huku kwetu mwenye ekari 3 tungemwamkia shikamoo hata akiwa mtoto. Wengi tuna ua unaotosha kamba ya kuanikia nguo.

Tatizo ni wazee, wanakumbuka mno. Wanakumbuka katikati ya miaka ya 1970, njaa ilipobana, kikatangazwa Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mjini wakahimizwa walime. Wanakumbuka kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983, asiye na kazi mjini aliposombwa akalime. Yaani mtu wa mjini amewahi kuhimizwa alime, akakamatwa kwa kutolima, na leo anafyekewa alichokilima. Tunaomba ratiba.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 Jiji la Tanga. Ya 2022 ikahesabu 393,429. Hao walioongezeka wote wana midomo. Viwanja vya makazi tumeviona vikipimwa, vya biashara pia, hata vya makaburi. Cha mchicha bado. Labda kinangojwa makaburi yajae kwanza.

Usijali, mkoa wetu una chakula. Kabichi na karoti za Lushoto zinateremka hadi Mombo, kisha nyingi zinashika njia ya Dar es Salaam. Machungwa ya Muheza yanavuka mpaka kwenda Kenya. Sisi tunapunga mkono, halafu tunakwenda soko la Mgandini kuulizia yaliyobaki.

Doa ni moja tu, maziwa. Miaka ya 1990 wafugaji wadogo waliungana kwenye vyama vya ushirika, likaanzishwa soko la uhakika hapa hapa Tanga, kiwanda cha Tanga Fresh. Ng'ombe wa uani akawa mtaji, na maziwa ya nyumbani yakanywewa nyumbani. Mwenye mboga naye akipata eneo lililoandikwa kwenye ramani, maji, na meza sokoni, atazoea vibaya. Tafadhali kosa hilo lisirudiwe.

Ombi la mwisho ni la muda tu. Mkija kufyeka matembele ya kando ya barabara, njooni kabla ya saa tatu asubuhi, mama lishe awahi kuyaosha na kuyatia nazi. Vijana wako wenye mapanga hula kwake mchana, tena kwa mkopo.

Wako watiifu,
Wala mboga wa Chumbageni