Sifa za Pancha

Katika balaa zote zinazompata mwendesha baiskeli, hakuna iliyotukanwa bure kama pancha. Jua lina watetezi wake wakati wa kuanika mihogo; hata mlima husifiwa na aliyekwisha kuuteremka. Pancha peke yake haina wakili. Huo ni uonevu, kwa maana ni ya ukoo bora: ilizaliwa pamoja na tairi ya upepo, ambayo John Boyd Dunlop aliikatia hataza mwaka 1888, na tangu hapo haijamtupa pacha wake. Haibagui tajiri wala maskini. Inafundisha subira, na humkumbusha mtu dua alizokwisha kuzisahau. Hizo ni sifa ndogondogo, tuziache.

Sifa yake kuu ni kwamba humpatia msafiri wenyeji. Ushahidi uko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Barabara ya Arua kwenda Koboko sasa ni lami, na mwendesha baiskeli wa peke yake, tairi zikiwa nzima, aweza kuimaliza bila kuamkiana na mtu. Ataona migongo ya malori yaendayo Oraba, mpakani na Sudan Kusini, basi. Lakini aingie njia za moramu za Abuku, wilayani Koboko, mwiba umpate, uone mambo yanavyojipanga. Tundu dogo halionekani kwa macho: sharti mpira uzamishwe majini, mapovu yaseme lilipo. Maji yanataka beseni, na beseni haliokotwi njiani. Liko nyumbani kwa mtu. Nyumba ina mama, na mama hatoi beseni asitoe kiti. Mara kijana kaleta kijiko cha kubandulia tairi na kipande cha msasa, solusheni imepakwa, na sasa ni kungoja ikauke. Katika kungoja huko ndipo maswali huja: watoka wapi, mbona peke yako, kwenu hawajambo? Kiraka kikishika, enyasa, ugali wa mihogo wa huko, imeiva, giza limeingia, na kumwacha mgeni aondoke usiku ni aibu ya nyumba nzima. Wizara gani ya utalii imewahi kupanga safari vizuri hivyo, bila fomu wala ada?

Kuna watakaosema watu wa Abuku ni wakarimu wenyewe, pancha isijitwalie sifa za wenzake. Kweli, na ukarimu huo una historia. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wakawa wageni wa watu. Kuanzia 2016 ni Wasudan Kusini waliomiminika upande huu kwa maelfu. Lakini mlango ulio wazi haumfai apitaye mbio. Ukarimu unataka mgeni aliyesimama, tena mwenye shida.

Pingamizi la pili ni zito, nalo linaniharibia mchezo. Kwa mama anayesukuma gunia la mihogo kwenda sokoni, au mgonjwa aliyepakiwa kwenye keria kupelekwa zahanati, pancha si mwanzo wa karamu. Ni siku iliyokufa. Na mara nyingi mwiba hauna hatia. Mpira wenyewe ni mwembamba kama ganda la kitunguu, unafumuka kwenye vali siku ya kwanza, na solusheni inauzwa ikiwa imekwisha kukauka. Anayeuza takataka hizo angesukumishwa baiskeli hadi Oraba na kurudi, kwa miguu, jua la saa nane! Lakini nilikuwa nasifu.

Wapo walionyimwa kabisa baraka za pancha. Wamo ndani ya magari makubwa meupe, vioo juu, tairi ya akiba nyuma. Hao ndio wanaofanya warsha hotelini juu ya jamii za wenyeji, maana kanuni ya Uganda inataka asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Wanaupima ukarimu, wanauchorea ramani, wanatia saini posho ya kikao, kisha wanamtimulia vumbi mwenye beseni. Watasema hawana muda. Mama naye alikuwa na mihogo ya kuanua. Watasema kazi yao ni ya maelfu, si ya nyumba moja; lakini maelfu hao hukaa nyumba mojamoja. Basi bajeti ijayo iwatengee fungu la baiskeli, pampu zibaki ofisini. Aliyekula enyasa ya mtu hukumbuka mtu huyo anakaa wapi, na asilimia 30 haitampotelea njiani.