Pevingi Hazioti

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hujenga ukuta kabla ya sebule na geti kabla ya choo. Akibakiwa na fedha, hutandaza pevingi kutoka getini hadi barazani. Akiulizwa mbona hakuacha hata kijisehemu cha kichaka, jibu lake ni moja: nyoka.

Nyoka huyo hajawahi kuonekana. Kifusi cha matofali nyuma ya nyumba, ambacho nyoka wa kweli angekiona kasri, hakijaguswa tangu fundi aondoke.

Adhuhuri uwanja huo huchoma nyayo. Masika yakiingia, maji yaliyokosa udongo wa kuyanywa hubisha hodi kwa jirani wa bondeni. Wa kisasa zaidi wametandika majani ya plastiki, ambayo juani huwa moto kuliko udongo, na ambayo (hili nalo ni la kushangaza) huoshwa kwa sabuni.

Dawa wala haijafichwa. Majani ya Pemba hustahimili kivuli cha mwembe, mahali ambapo ukoka wa kawaida hunyong'onyea kwa kukosa jua. Bogenvilia hutaka jua kali na maji kidogo. Mwenye kuimwagilia kila jioni hulipwa majani matupu, maua hayaoni. Mnyaa hufanya boma zuri, ila utomvu wake huunguza macho, kwa hiyo wenye watoto wauache.

Masika huanza Machi. Ng'oeni basi pevingi za kando ya ukuta, mpande kitu.