Almasi ya Puto

Nilijisifu. Ndiko matatizo yangu mengi yanakoanzia, ila safari hii yalinikuta mbele ya chumba kizima cha video hapa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, kuta za mabati, joto la tanuri, gurupu ya umeme ikinguruma nje.

Filamu ni *Congo*, ya mwaka 1995, kipenzi changu tangu utoto. Nakala ile haikuwa na tafsiri ya Kiswahili, na mimi ndiye niliyetangaza kwamba Kiingereza nakijua. Nikapewa kiti kando ya televisheni, na Fanta ya bure.

Mwanzoni nilikuwa mfalme. Gorila Amy alipovaa glovu inayogeuza ishara za mikono kuwa sauti, watu walicheka hadi machozi. Alipopewa pombe ndani ya ndege, wakasema huyu wa kwetu kabisa. Hakuna aliyebisha kwamba gorila anaweza kusema. Mzee mmoja Mbembe, aliyewahi kuwinda katika msitu wa Itombwe, alieleza kwamba hata wa kule husema, tatizo hawapendi wageni. Pale kapteni wa jeshi anapomfokea Mromania mmoja kwa kula keki yake ya ufuta, tulirudisha mara tatu. Kwamba sehemu ya msitu ule wa Virunga ni Costa Rica, nilinyamaza nalo.

Balaa lilianza wasafiri wa filamuni walipofika magofu ya mji wa Zinj. Almasi zimelala chini kama mahindi yaliyoanikwa juani.

“Maji yako wapi?” kijana mmoja akauliza.

“Maji gani?”

“Ya shimo. Motopompi siioni.”

Nikasema hii ni filamu. Akasema anajua ni filamu, yeye anauliza maji. Mwingine akataka kujua PDG, bosi wa shimo, ni nani. Nikamtajia kampuni ya Marekani inayotafuta almasi za kutengenezea leza ya mawasiliano. “Aa, basi wana karatasi,” akajibu, na chumba kikaguna. Gorila wa kijivu walipojitokeza kuulinda mji, wakiwapasua wageni vichwa, mama mmoja anayetwanga mawe akauliza kama hao nao wanatoa risiti.

Mlima ukalipuka, mji ukafukiwa, wageni waliobaki wakaponea kwenye puto. Nilijua kinachokuja, filamu hii nimeiona mara kumi. Wametoka na almasi moja tu, na hiyo moja wanaitupa. Wanaitupa kwa hiari yao, huku wanatabasamu! Hofu ikanishika, nikatafsiri uongo: “Wanasema wameificha, watairudia.”

Lakini macho hayahitaji mkalimani.

“Katupa!”

Viti vikaanguka. Fanta yangu ikaenda na mguu wa mtu. Na hapo hapo gurupu ikaishiwa mafuta. Katika giza lile nilisikia sauti moja ikihesabu polepole, kama anayesali: miezi minne ya kuchimba, wiki mbili za kuvuta maji, gramu mbili. Kisha wakaanza kudai falanga zao, tena kwangu, si kwa mwenye chumba, kwa kuwa ni mimi niliyesema watairudia.

Nilitokea nyuma, chini ya bati lililolegea, nikaacha nusu ya shati.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, hodi. Ni yule kijana wa motopompi, tochi kichwani, sepeto begani.

“Yaya, samahani kwa jana. Ile almasi ya puto. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea wapi?”